Kishimo, Kidokezi na Dawa: Upunguzaji wa Vipimo vya Maabara na Haja ya Madaraja ya Istilahi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 2010 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja taarifa mbili za utafiti juu ya kutafuta dawa mpya za malaria. Katika taarifa ya kwanza, watafiti wa kampuni ya GlaxoSmithKline katika maabara ya Tres Cantos, Hispania, walieleza jinsi walivyopima karibu kemikali milioni mbili dhidi ya vimelea vya Plasmodium falciparum, na jinsi kemikali 13,533 kati ya hizo zilivyozuia ukuaji wa vimelea kwa asilimia 80 au zaidi. Katika taarifa ya pili, kundi lililoongozwa na hospitali ya utafiti ya St. Jude, mjini Memphis, Marekani, lilieleza matokeo ya kupima kemikali 309,474. Kazi ya namna hii isingewezekana kwa chupa na mirija ya kawaida ya maabara. Iliwezekana kwa sababu kipimo kizima, yaani damu, vimelea, kemikali inayopimwa na kitendanishi cha kusomea matokeo, kilikuwa kimepunguzwa hata kikaenea katika kishimo cha plastiki ambacho tone moja au machache tu hukijaza.

Kwa mwanafamasia, taarifa hizo zinazusha maswali ya kitaalamu ambayo si kazi ya jarida hili kuyajibu. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, zinazusha swali moja ambalo halikwepeki: kemikali hizo 13,533 ziitweje? Haziwezi kuitwa dawa, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyetibiwa kwazo. Hata hivyo, katika habari za magazeti na redio, na mara nyingi katika mazungumzo ya wasomi wenyewe, neno linalotumika ni hilo hilo: dawa mpya imepatikana, dawa imegunduliwa, dawa inajaribiwa.

Makala haya yanashikilia mambo matatu. Kwanza, kupunguza ukubwa wa kipimo hubadili swali ambalo kipimo kinauliza, licha ya kupunguza gharama. Pili, kwa sababu hiyo jibu linalotoka katika kishimo ni ushahidi wa daraja la chini kabisa katika ngazi ndefu, hata kama ni ushahidi wa thamani. Tatu, lugha inayoliita kila daraja kwa jina la daraja la mwisho humnyima msemaji wake uwezo wa kujua anaambiwa nini, na hasara ya jambo hilo humwangukia zaidi mgonjwa anayeombwa ridhaa.

2.0 Chimbuko la Kishimo

Sahani ya vishimo ilizaliwa na uhaba. Mwaka 1951 daktari Gyula Takátsy wa Hungaria alikabiliwa na haja ya kupima sampuli nyingi za homa ya mafua wakati ambapo vifaa vya maabara, hasa pipeti, vilikuwa adimu nchini mwake. Alichonga vishimo 72, katika safu sita za vishimo kumi na viwili, ndani ya kipande cha plastiki ngumu. Badala ya pipeti alitumia nyaya zilizosokotwa, ambazo kila moja ilichota kiasi kile kile cha kimiminika. Baadaye mpangilio wa safu nane za vishimo kumi na viwili, yaani vishimo 96, ndio ulioenea duniani. Msomaji anayelijua bao la kete, lenye safu nne za mashimo manane, anaweza kuiona sahani hiyo kuwa ni mabao matatu yaliyounganishwa na kupunguzwa hadi yakakaa juu ya kiganja.

Hatua zilizofuata hazikuiongeza sahani ukubwa, bali ziliongeza vishimo ndani ya eneo lile lile. Kiwango kilichowekwa nchini Marekani mwaka 2004 kinataka kitako cha sahani kiwe na urefu wa milimita 127.76 na upana wa milimita 85.48, ili mashine yoyote iweze kuishika. Katika eneo hilo, umbali kutoka katikati ya kishimo hadi katikati ya jirani yake ni milimita 9 kwa sahani ya vishimo 96, milimita 4.5 kwa ya vishimo 384, na milimita 2.25 kwa ya vishimo 1,536. Kila hatua inagawa umbali kwa mbili na kuzidisha idadi kwa nne.

Faida yake huonekana kwa hesabu rahisi. Tuseme kemikali milioni moja zinapimwa, kila moja mara moja, katika sahani za vishimo 96 zenye mikrolita 100 kwa kila kishimo. Kazi hiyo itahitaji sahani zaidi ya 10,400 na lita 100 za mchanganyiko wa kipimo. Kazi ile ile, katika vishimo 1,536 vyenye mikrolita tano kila kimoja, itahitaji sahani 652 na lita tano tu.

Katika malaria lita hizo zina maana ya pekee, kwa sababu mchanganyiko wenyewe ni damu ya binadamu. Tangu William Trager na James Jensen walipoonyesha mwaka 1976 jinsi ya kuvikuza vimelea vya Plasmodium falciparum mfululizo nje ya mwili, maabara zote zimekuwa zikitegemea chembe nyekundu zinazotolewa na wachangiaji. Ikiwa chembe ni asilimia mbili ya mchanganyiko, lita 100 zitahitaji lita mbili za chembe zilizochujwa, yaani uchangiaji wa watu wapatao kumi. Lita tano zitahitaji mililita 100, kiasi ambacho mchangiaji mmoja hutoa na kubakiza. Kwa hiyo, katika uwanja huu, udogo wa kishimo ni namna ya kuheshimu damu ya watu. Mahali ambapo benki za damu zina upungufu, hoja hii ina uzito kuliko hoja ya fedha.

3.0 Kinachobadilika Kishimo Kinapopungua

Ni rahisi kudhani kwamba kipimo kidogo ni kipimo kile kile kilichotazamwa kwa mbali. Dhana hiyo si sahihi. Mikrolita moja ikivukizwa kutoka katika kishimo chenye mikrolita 100, hasara ni asilimia moja na haina madhara. Mikrolita hiyo hiyo ikivukizwa kutoka katika mikrolita tano, hasara ni asilimia 20: chumvi zimekolea, kemikali imekolea, na vimelea vinaweza kufa kwa ukavu ilhali kemikali ikasifiwa kwamba ndiyo iliyoviua. Vishimo vya pembezoni mwa sahani hukauka haraka kuliko vya katikati, na kwa hiyo matokeo yanaweza kufuata ramani ya sahani badala ya kufuata tabia ya kemikali.

Vilevile, kadiri kishimo kinavyopungua ndivyo kuta zake zinavyokuwa nyingi kwa kulinganisha na kimiminika kilichomo. Baadhi ya kemikali hujibandika kwenye plastiki, na kiasi kinachobaki kuvikabili vimelea hakilingani tena na kiasi kilichotiwa. Tone dogo hushikiliwa na nguvu ya uso wake, halichanganyiki kwa kutikiswa, na kiputo kimoja cha hewa huweza kumpotosha msomaji wa mwanga. Kemikali huhifadhiwa katika kiyeyushi ambacho chenyewe ni sumu kwa chembe kikizidi. Kutia nanolita 50 za kiyeyushi hicho katika mikrolita tano tayari ni asilimia moja. Ndiyo maana zilibuniwa mashine zinazorusha matone ya nanolita 2.5 kwa nguvu ya sauti, bila ncha yoyote kugusa kimiminika.

Mabadiliko makubwa zaidi yako katika njia ya kusoma matokeo. Kipimo kilichoelezwa na Desjardins na wenzake mwaka 1979 kilitumia haipoksanthini yenye mnururisho: vimelea vilivyo hai huila, na mnururisho uliomo ndani yao huhesabiwa baada ya chembe kukusanywa kwenye karatasi ya kuchujia na kuoshwa. Kuosha kunawezekana katika vishimo 96, lakini katika vishimo 1,536 ni kazi ngumu mno. Ilibidi vitafutwe vipimo ambavyo hatua zake ni kuongeza, kusubiri na kusoma. Kimoja hupima kimeng'enya cha vimelea kinachohusika na asidi ya laktiki. Hicho ndicho kilichotumika Tres Cantos. Kingine, kilichoenea tangu mwaka 2004, hutumia rangi inayong'aa inapoishika DNA. Rangi hiyo hufaa kwa sababu chembe nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini, hivyo DNA inayong'aa ndani ya kishimo ni ya kimelea.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa. Kipimo cha kwanza kinauliza iwapo kimelea kinakula. Cha pili kinauliza iwapo kimeng'enya fulani kinafanya kazi. Cha tatu kinauliza iwapo DNA imeongezeka. Hakuna kati ya hivyo kinachouliza iwapo mgonjwa amepona. Ufinyu wa kishimo ndio uliochangia kuamua ni swali lipi lingeulizwa, na aliyebuni kipimo ameamua majibu yanayowezekana kabla kemikali ya kwanza haijadondoshwa.

Wataalamu wa fani hiyo hawakulifumbia macho tatizo hili. Mwaka 1999 Zhang, Chung na Oldenburg walipendekeza kigezo cha kupima ubora wa kipimo chenyewe kabla ya kukitumia kuhukumu kemikali. Kigezo hicho hulinganisha umbali kati ya wastani wa vishimo ambamo vimelea vyote vimekufa na wastani wa vishimo ambamo vyote viko hai, kwa upande mmoja, na mtawanyiko wa matokeo ndani ya kila kundi, kwa upande wa pili. Kipimo kamili kingepata alama moja, kuanzia 0.5 kwenda juu kipimo huhesabiwa kuwa bora. Hata hivyo, idadi kubwa ina adhabu yake. Tuseme mpaka wa kukubali umewekwa umbali wa mikengeuko sanifu mitatu kutoka katika wastani, na matokeo yametawanyika kwa namna ya kawaida. Kati ya kemikali milioni moja zisizo na uwezo wowote, takriban 1,350 zitavuka mpaka huo kwa bahati tupu. Kwa hiyo orodha ya kwanza inayotoka katika mchujo ni orodha ya watuhumiwa, na wengi wao hawana hatia.

4.0 Makosa Mawili ya Kishimo

Kishimo huweza kukosea kwa njia mbili: kukataa kinachofaa na kukubali kisichofaa. Mifano miwili inayohusu dawa ambazo majina yake si mageni Afrika Mashariki inatosha kulithibitisha hili.

Mfano wa kwanza ni primakwini. Dawa hii huua vimelea vya malaria ya aina ya vivax vilivyojificha katika ini, na pia vimelea vya uzazi ambavyo mbu huvichukua kutoka kwa mgonjwa. Lakini ili ifanye kazi, sharti kwanza ibadilishwe na vimeng'enya vya ini. Ndani ya kishimo chenye chembe nyekundu peke yake hakuna ini. Primakwini huonekana dhaifu, na mchujo wa vimelea vya damu ungeitupa pamoja na maelfu mengine. Dawa ya kweli ingepotea kwa kuwa swali lililoulizwa halikuihusu.

Mfano wa pili ni klorokwini. Wakazi wengi wa eneo hili wanaikumbuka kwa uchungu wake mdomoni, na kwa jinsi ilivyoshindwa na usugu hadi ikaachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria: Malawi mwaka 1993, Kenya mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. Mwanzoni mwa mwaka 2020 iliripotiwa kwamba klorokwini ilizuia virusi vya korona katika seli zilizokuzwa maabarani. Taarifa hiyo ilikuwa ya kweli, lakini seli hizo zilitokana na figo ya tumbili. Mwezi Julai mwaka huo huo utafiti mwingine uliochapishwa katika Nature ulionyesha kwamba klorokwini haikuzuia virusi hivyo kuingia katika seli za mapafu ya binadamu, kwa kuwa mapafuni virusi hupitia mlango mwingine. Jaribio la RECOVERY nchini Uingereza liliwalinganisha wagonjwa 1,561 waliopewa haidroksiklorokwini na wagonjwa 3,155 waliopewa huduma ya kawaida. Katika siku 28 walifariki asilimia 27.0 ya kundi la kwanza na asilimia 25.0 ya kundi la pili. Dawa haikuwasaidia.

Kati ya taarifa ya seli za tumbili na taarifa ya wagonjwa ilipita miezi michache, na katika miezi hiyo watu katika nchi nyingi waliikimbilia klorokwini. Maabara haikuwadanganya. Ilijibu swali lake kwa usahihi. Kilichopotea njiani ni daraja la jibu.

5.0 Ngazi Baina ya Kishimo na Duka la Dawa

Urefu wa ngazi hii unaweza kupimwa kwa visa viwili. Kisa cha kwanza ni cha Afrika Kusini. Mwezi Agosti 2012 Chuo Kikuu cha Cape Town kilitangaza, mbele ya Waziri wa Sayansi na Teknolojia Naledi Pandor, kemikali iliyokuja kujulikana kwa namba MMV048. Ilitokana na mchujo wa kemikali takriban 36,000, na kwa dozi moja ya kumeza ilikuwa imewaponya wanyama wa maabara. Habari zilizoenea barani zilizungumzia dawa ya Kiafrika ya kumaliza malaria. Fahari hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kemikali hiyo ilifika katika majaribio ya binadamu mwaka 2014, na hatimaye kwa wagonjwa nchini Ethiopia. Lakini uendelezaji wake ulisitishwa baada ya dalili za sumu kuonekana katika tafiti za wanyama. Hakuna aliyefanya hila. Sayansi ilifanya kazi yake ya kukataa, kama inavyopasa. Hata hivyo, msikilizaji aliyekuwa ameambiwa kwamba dawa imepatikana alibaki na maelezo mawili tu ya kujipa: ama dawa imefichwa, ama wakubwa wameizuia.

Kisa cha pili ni cha ganaplasaidi. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya Novartis mjini San Diego walichapisha matokeo ya mchujo wa kemikali takriban milioni 1.7 katika sahani za vishimo 1,536. Kutokana na kundi moja la kemikali zilizoonekana humo, kazi ya miaka ya kubadili molekuli na kupima upya ilizaa ganaplasaidi. Mwezi Novemba 2025 ilitangazwa kwamba mseto wake na lumefantrini ulikuwa umetimiza lengo kuu la jaribio la awamu ya tatu lililofanywa katika nchi 12 za Afrika. Ni miaka 17 tangu kuchapishwa kwa mchujo, na hata wakati huo hatua ya mamlaka za udhibiti ilikuwa bado mbele.

Haja ya dawa mpya si ya kufikirika. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba nchini Rwanda vimelea vyenye mabadiliko ya kinasaba yanayoleta usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini vilikuwa vimeota mizizi. Mwaka 2021 ikaripotiwa hali kama hiyo kaskazini mwa Uganda. Kisha Kagera, Tanzania. Haya ni maeneo ambamo Kiswahili kinasemwa au kufundishwa, na artemisinini ndiyo nguzo ya dawa mseto inayotumika humo. Wasemaji wa Kiswahili wana sababu kuliko wengi ya kufuatilia yanayotokea ndani ya vishimo hivyo.

6.0 Uzito wa Neno Dawa

Neno dawa katika Kiswahili lina eneo pana sana la maana. Hutaja kidonge cha hospitali, mizizi ya mganga, hirizi, sumu ya kuulia wadudu, sabuni ya meno, na hata suluhisho la tatizo lolote. Ndiyo maana husemwa kwamba dawa ya moto ni moto. Kinachounganisha maana hizi zote ni ufanisi. Katika akili ya msemaji, dawa ni kitu kinachofanya kazi. Kisichofanya kazi si dawa. Kwa hiyo, kusema kwamba dawa imegunduliwa ni kusema kwamba ufanisi umekwisha kuthibitishwa, ingawa msemaji hakukusudia hivyo.

Baadhi ya waandishi wamejaribu kulipunguza tatizo hili kwa kirai dawa ya majaribio. Jitihada hiyo ni njema lakini haitoshi, na sababu yake ni ya kisarufi. Katika kirai nomino cha Kiswahili neno kuu hutangulia na vivumishi hufuata. Msikilizaji hulipokea kwanza neno dawa, na kinachofuata ni maelezo ya ziada yanayoweza kudondoshwa bila kuvunja sentensi. Kichwa cha habari kinapofupishwa, linalobaki ni dawa. Zaidi ya hayo, upatanisho wa kisarufi huendelea kulibeba neno kuu hata lisipotajwa tena: imepatikana, inafanya kazi, itauzwa. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni ile ambayo neno kuu lake si dawa.

Makala haya yanapendekeza ngazi ya istilahi nne. Kemikali iliyovuka mpaka wa mchujo iitwe kidokezi. Kemikali iliyopimwa tena, ikathibitishwa na kuanza kuboreshwa na wanakemia iitwe kitangulizi. Iliyoteuliwa kuingia katika majaribio ya binadamu iitwe kiteule. Neno dawa libaki kwa ile iliyothibitishwa kwa wagonjwa na kuidhinishwa. Mofolojia yenyewe inaunga mkono mpangilio huu. Kiishio -i katika kidokezi na kitangulizi hutaja mtenda: kitu kinachodokeza, kitu kinachotangulia. Kiishio -e katika kiteule, kama katika mteule na kiumbe, hutaja mtendwa: kitu kilichoteuliwa na watu, nao wanaweza kuutengua uteuzi wao. Aidha, istilahi zote tatu zimo katika ngeli ya KI-VI, ilhali dawa imo katika ngeli ya I-ZI. Hivyo viambishi vya upatanisho vitaendelea kumkumbusha msikilizaji daraja la ushahidi. Kusema kiteule kimesitishwa hakumwachi mtu na fumbo la dawa iliyofichwa.

Kuhusu vifaa, neno mchujo linafaa kwa kazi nzima, kwani jamii inalijua kutokana na mashindano na uteuzi wa wagombea, na inaelewa kwamba kupita mchujo wa kwanza si kushinda. Ama kishimo, kuna wanaopendelea kisima kwa kuwa ndilo neno linalolingana na la Kiingereza. Lakini katika Kiswahili kisima ni mahali pa kuteka maji kwa matumizi. Humo ndani ya sahani hakitekwi kitu, bali huwekwa kitu na kutazamwa. Shimo la bao liko karibu zaidi na jambo lenyewe: kete huwekwa humo, huhesabiwa, na kila shimo lina nafasi yake inayojulikana.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba istilahi hutanguliwa na matumizi, na kwamba maneno mengi yaliyoundwa mezani yamefia katika kamusi. Pingamizi hili lina ukweli. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ina istilahi ambazo hazijapata wasemaji kwa sababu elimu ya sekondari na ya vyuo imeendelea kutolewa kwa Kiingereza. Lakini hapa matumizi yapo tayari. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, miongoni mwa mahali lilipofanyiwa jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, ni maeneo ya wasemaji wa Kiswahili. Mzazi anayeombwa kumwingiza mwanawe katika jaribio huelezwa kwa lugha anayoielewa, na fomu ya ridhaa huandikwa kwa lugha hiyo. Akiambiwa kwamba mtoto atapewa dawa mpya, ameridhia kitu kimoja. Akiambiwa kwamba atapewa kiteule ambacho ufanisi wake ndio unaochunguzwa, ameridhia kitu kingine. Ridhaa iliyojengwa juu ya neno lisilo sahihi ina kasoro ya kimaadili, hata kama sahihi yake ni halali.

Pingamizi la pili ni kwamba kiambishi ki- hudunisha, na kwamba kuiita kazi ya wanasayansi kidokezi ni kuidharau. Jibu ni kwamba ngeli ya KI-VI ina kitabu na kiongozi pia. Udunishi si maana yake pekee. Na hata pale msikilizaji anapohisi udogo, hisia hiyo haipotoshi, kwa sababu ushahidi wa kishimo ni mdogo kwa kweli.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba mchujo mkubwa ni shughuli ya makampuni ya nchi tajiri, na hivyo haivihusu vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Hoja hii inasahau historia ya Takátsy, na inasahau pia yaliyofuata baada ya mwaka 2010. Shirika la Medicines for Malaria Venture lilichagua kemikali 400 kutoka katika maelfu ya vidokezi vilivyochapishwa, likazipanga katika sahani chache na kuzigawa bure kwa maabara zilizoziomba. Kemikali 400 hazihitaji roboti. Zinahitaji swali jipya, kwa mfano iwapo zinaua vimelea vya uzazi, au vimelea vilivyochukuliwa hivi karibuni kutoka kwa wagonjwa wa eneo lenye usugu. Maabara iliyo karibu na wagonjwa hao ina nafasi nzuri kuliko nyingine yoyote ya kuuliza maswali hayo.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kupungua kwa kipimo kumeleta uwezo mkubwa wa kuchuja, pamoja na akiba ya damu na fedha, na kwamba uwezo huo umeambatana na kufinywa kwa swali linaloulizwa. Primakwini na klorokwini zinathibitisha kwamba kishimo huweza kukataa na kukubali kimakosa, na MMV048 inathibitisha kwamba hata kiteule chenye sifa nyingi huweza kusitishwa kwa haki.

Kazi inayovikabili vyombo vya ukuzaji wa Kiswahili ni ndogo na inawezekana. Baraza la Kiswahili la Taifa na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zikae na wanafamasia, wanabiolojia na wajumbe wa kamati za maadili ya utafiti, zizichunguze istilahi za ngazi hii, na zizifikishe kwanza mahali zinapohitajika zaidi, yaani katika fomu za ridhaa na katika vyumba vya habari. Ikiwa kidokezi, kitangulizi na kiteule hayatakubalika, yatafutwe maneno bora zaidi, mradi kila daraja lipate jina lake na neno dawa lisitumike kabla ya wakati wake. Siku dawa ya kweli itakapotangazwa, wasemaji wa Kiswahili watakuwa na sababu ya kuliamini neno hilo.